Kikomo cha kasi kipo, laini bado inasongwa: kutafuta kosa kwenye ruta

Mwenye chumba kimoja cha intaneti karibu na Nyawera, hapa Bukavu, alinipigia simu jioni moja. "Kaka, uliniambia kila simu itapata mega mbili, si zaidi. Sasa kijana mmoja anapakua filamu, wengine wote wananilalamikia, na mimi ndiye ninayerudisha pesa za watu." Nikamwambia, "Mama, nipe muda kidogo niangalie." Nilipofungua Winbox, programu ya kusimamia ruta za MikroTik, foleni zote 30 (mistari ambamo paketi, yaani vipande vya data, husubiri zamu) zilikuwepo, kila moja na kikomo chake, na zote zilikuwa za kijani. Hapo nikajua pa kutazama. Kwenye MikroTik foleni huwa ya kijani ikitumia chini ya nusu ya kikomo chake, ya njano ikipita nusu, nyekundu ikipita robo tatu. Laini imejaa pomoni na foleni zote ni za kijani: basi paketi za yule kijana hazikuwa zinapita kwenye foleni hata kidogo.

Kosa hilo ndilo ninalokutana nalo kuliko yote. Fundi anashusha namba, 2M inakuwa 1M, 1M inakuwa 512k, na namba haikuwa na kosa tangu mwanzo. Kabla hujagusa namba yoyote, jibu maswali mawili. Je, paketi zinapita pale nilipoweka kanuni? Na msongamano unatokea ndani ya ruta yangu, au unatokea mbele, kwenye kifaa nisichokitawala? Swali la kwanza linajibiwa na kaunta, hesabu ya paketi zilizogusa kanuni; la pili na ping, jaribio linalopima muda wa paketi kwenda na kurudi. Mifano yangu mingi ni ya MikroTik kwa kuwa ndiyo ninayoishika kila siku. Cisco na Linux nimezitaja pale zinapokuwa na mtego wao.

Kikomo kipo, mtumiaji anakipita

Anza na FastTrack. Ruta nyingi ndogo za MikroTik hutoka kiwandani na kanuni hii kwenye faiawoli. Kazi yake ni kupitisha paketi za miunganisho iliyokwisha kukubaliwa kwa njia ya mkato ili prosesa ipumue. Njia hiyo inaruka mangle (kanuni za kutia paketi alama), inaruka simple queue (foleni rahisi ya mtu au mtandao), inaruka na queue tree (foleni za mzazi na watoto) iliyofungwa kwenye global, yaani ruta nzima. Kinachowapoteza mafundi ni kwamba paketi chache za muunganisho huo bado hupita njia ndefu, kwa hiyo kaunta ya foleni inasogea kidogo, nawe unaamini foleni inafanya kazi. Linganisha: intafesi ya nje, mlango wa ruta unaoelekea intaneti, ikionyesha megabiti 18 kwa sekunde na jumla ya foleni zako zote ni megabiti 1, umeshapata jibu.

```
/ip firewall filter print where action=fasttrack-connection
/ip firewall filter disable [find action=fasttrack-connection]
/ip firewall connection remove [find]
```

Mstari wa tatu usiusahau. Muunganisho uliokwisha kuingia njia ya mkato unabaki humo mpaka ufungwe, na filamu ya saa mbili haifungwi upesi. Ukiuendesha, walio mtandaoni watakatika kwa muda mfupi, kwa hiyo mjulishe mwenye nyumba kabla hujabonyeza. Gharama ya kuzima FastTrack inalipwa na prosesa. Ruta ikiwa ndogo na laini kubwa, hilo linauma; nitalirudia chini.

Kama FastTrack haipo, angalia mpangilio. Simple queue husomwa kutoka juu kwenda chini, na paketi inashikwa na foleni ya kwanza inayolingana nayo. Ukiwa umeweka juu kabisa foleni ya mtandao mzima, tuseme 192.168.88.0/24, zile za mtu mmoja mmoja zilizo chini yake hazitaona paketi hata moja. Zipandishe za mtu mmoja mmoja, au uzifanye watoto wa ile kubwa kwa kuweka parent.

Halafu anwani. Ulifunga foleni kwenye 192.168.88.25, lakini je, simu bado ni 25? Simu za Android kuanzia toleo la 10, na iPhone kuanzia iOS 14, hujitengenezea MAC (namba ya utambulisho wa kifaa) ya bandia kwa kila mtandao. Ukitengeneza lease (anwani ambayo ruta huigawia simu) ya kudumu kwa MAC uliyonakili kwenye karatasi ya boksi, haitalingana kamwe na ile inayofika kwenye ruta. Chukua MAC kutoka orodha ya lease, simu ikiwa imeunganishwa.

Mwelekeo nao umewakosesha wengi usingizi. Kwenye simple queue, `max-limit=2M/10M` maana yake ni 2M za kupakia na 10M za kupakua, kwa macho ya yule aliye kwenye target, yaani anwani au intafesi ambayo foleni inaihusu. Ukiweka target kuwa intafesi inayotazama nje badala ya mtandao wa ndani, pande mbili hizo zinageuka. Mteja analalamika kwamba kutuma ni haraka na kupakua ni taabu: soma target kwanza.

La mwisho hapa ni IPv6, mfumo mpya wa anwani za intaneti unaotumika sambamba na IPv4 ya zamani. Ikiwa mtoa huduma anatoa IPv6 na foleni zako zote zina anwani za IPv4 peke yake, kila tovuti kubwa inayozungumza IPv6 itapita pembeni ya kikomo bila kukigusa. Funga foleni kwenye intafesi, au ongeza anwani za IPv6 kwenye target.

"Nimelipia mega nne, napata nusu mega"

Hapa hakuna kilichoharibika. Ruta inahesabu biti, programu ya kupakua kwenye kompyuta inahesabu baiti, na baiti moja ni biti 8. Kikomo cha 4M ni kilobaiti 500 kwa sekunde. Kwetu huku neno "mega" linabeba kila kitu, kasi na kifurushi pia, kwa hiyo mweleze mteja siku ya kwanza, kwa namba mbili hizo zikiwa zimeandikwa kwenye risiti.

Kaunta ya kanuni imelala kwenye sifuri

Sasa tunaingia kwenye uainishaji, yaani kutambua paketi ni ya kazi gani. Umeandika kanuni za kutia alama simu za sauti, umetengeneza foleni yenye kipaumbele, na kaunta ya mangle inasema 0. Au inasema kitu, lakini si kile ulichotarajia.

Uliza kwanza unatafuta nini ndani ya paketi. Zamani ilitosha kusema poti (namba inayotambulisha huduma) 80 ni tovuti na nyingine ni barua. Leo karibu kila kitu kinapita poti 443, na sehemu kubwa yake imehama kutoka TCP kwenda UDP, njia mbili za kusafirisha paketi, kupitia itifaki iitwayo QUIC. Kanuni inayosema `protocol=tcp dst-port=443` itaona sehemu ya video tu, sehemu nyingine itaangukia kwenye foleni ya mabaki. Kanuni za layer7 zinazotafuta jina la tovuti ndani ya maudhui nazo zimechoka: maudhui yamesimbwa, na zinakula prosesa bure. Mimi nimeziacha kabisa.

Njia inayosaidia ni kutazama badala ya kukisia. Mwombe mtu apige simu ya WhatsApp akiwa amekaa pembeni yako, fungua Torch, zana ya MikroTik ya kutazama mtiririko, kwenye intafesi ya ndani, chuja kwa anwani ya simu yake, na usome mtiririko unaotoka: paketi ndogondogo za UDP, kasi ndogo isiyobadilika, pande zote mbili. Simu za WhatsApp mara nyingi nimezikuta UDP 3478. Mikutano ya Zoom hutumia UDP 8801 hadi 8810. Andika ulichokiona wewe, kwa sababu programu hizi hubadilika.

Kisha tia alama kwa hatua mbili, muunganisho kwanza, paketi baadaye:

```
/ip firewall mangle
add chain=forward connection-mark=no-mark protocol=udp dst-port=3478,8801-8810 \
    action=mark-connection new-connection-mark=sauti passthrough=yes
add chain=forward connection-mark=sauti \
    action=mark-packet new-packet-mark=sauti_pkt passthrough=no
```

Tazama passthrough, inayoamua kama paketi iendelee hadi kanuni inayofuata. Ya kwanza lazima iwe yes, la sivyo paketi inayolingana na kanuni hiyo inaondoka kwenye mangle kabla haijafika ya pili. Nimewahi kukuta ruta ambayo kanuni ya kwanza ilikuwa no na haikuwa na sharti la no-mark. Matokeo yake yalikuwa ya ajabu: paketi zinazorudi zilipata alama, zinazotoka hazikupata. Anayepiga anasikia vizuri, anayepigiwa anasikia vipande vipande. Fundi aliyetangulia alikuwa ameshabadilisha antena kwa sababu ya neno moja.

Sababu ya kutia alama kwenye muunganisho ni NAT, ubadilishaji wa anwani za ndani kuwa moja ya nje. Ukijaribu kuainisha kwa anwani ya ndani pale ambapo NAT imeshapita, kila paketi inayotoka ina anwani ileile ya nje. Kwenye Linux mtego huu ni wa kila siku: `tc`, zana ya kudhibiti kasi, kwenye intafesi ya nje huona paketi baada ya NAT, kwa hiyo kichujio cha 192.168.x.x hakishiki kitu. Tia alama mapema, kisha acha `tc` isome alama hiyo.

Kwenye Cisco sifuri ina sababu yake pendwa. Class-map, orodha ya masharti ya kutambua paketi, isiyotajwa aina yake ni match-all, yaani masharti yote lazima yatimie. Ukiandika ndani yake mistari miwili, mmoja wa SIP (inayopanga simu) na mwingine wa RTP (inayobeba sauti), umeagiza paketi iliyo SIP na RTP kwa wakati mmoja, na paketi ya namna hiyo haipo duniani. Andika `class-map match-any`. Kisha `show policy-map interface` ndiyo kioo chako: kama kila kitu kinaangukia class-default, uainishaji wako haujaanza kufanya kazi.

Kuhusu DSCP, alama ya kipaumbele iliyo ndani ya paketi yenyewe, mambo mawili tu. Thamani ya EF, inayotumiwa kwa sauti, ni 46; lakini ukiitazama kwenye kifaa kinachoonyesha baiti nzima ya ToS, utaona 184, kwa kuwa DSCP inashika biti 6 za juu na 46 ikizidishwa kwa 4 ni 184. Mtu anayeandika 184 panapotakiwa 46 hatapata kitu. La pili, usitegemee alama uliyoitia hapa ifike Ulaya ikiwa nzima. Mitandao ya njiani ina haki ya kuifuta, na mara nyingi huifuta. Inakufaa ndani ya eneo unalolitawala, basi.

Alama ziko sawa, kaunta zinakimbia, sauti bado inakatika

Hii ndiyo dalili ninayoijali zaidi, kwa sababu upande wa pili wa simu kuna mama anayezungumza na mwanawe aliye mbali, au muuguzi anayeuliza kipimo cha dawa. Simu moja ya sauti haihitaji hata kilobiti 100 kwa sekunde. Laini ya megabiti 20 haina sababu ya kuikatakata.

Jaribu hivi. Laini ikiwa tulivu, endesha ping kwa dakika moja na uandike wastani. Halafu anzisha upakuaji mkubwa, ping ikiendelea. Ikitoka milisekunde 60 ikaenda 900, paketi zako hazipotei. Zimepanga mstari mrefu mahali fulani na zinasubiri. Pendekezo la ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, kwa mazungumzo ya sauti ni ucheleweshaji usiozidi milisekunde 150 kwa upande mmoja. Kwa 900 watu wawili wanaanza kukatishana maneno, kisha kila mmoja ananyamaza akimsubiri mwenzake.

Sasa, mstari huo uko wapi? Ruta yako ina intafesi ya gigabiti 1. Modemu au antena iliyo mbele yake inapitisha megabiti 20. Ruta inamwaga paketi bila kuona msongamano wowote, na bafa (hifadhi ya paketi zinazosubiri) ya antena ndiyo inayojaa. Kipaumbele chako ni cha kweli, lakini kinatawala foleni tupu. Wenye Cisco wanaokuta `priority` na `bandwidth` hazina athari wako katika hali hiyohiyo: bila shape (kikomo kinachoweka paketi foleni) ya juu inayolingana na kasi ya laini, darasa za ndani hazina cha kugawana.

Dawa ni kuvuta msongamano uje kwako. Weka kikomo cha jumla chini kidogo ya kasi halisi ya laini, tuseme asilimia 85 hadi 95, na vipaumbele viwe ndani yake. Kwa laini ya 20M weka 18M. Mwenye nyumba atauliza kwa nini unamnyang'anya megabiti 2 alizolipia. Mwonyeshe ping kabla na baada. Sijapata bado anayezidai tena akishaona.

Kwenye queue tree kumbuka sheria za HTB, mfumo wa kugawa kasi kwa ngazi. Kipaumbele kinaenda kutoka 1 hadi 8, na 1 ndicho cha juu. Kinasomwa kwa watoto wa mwisho tu. Ukikiandika kwa mzazi hakifanyi kitu. Kila mtoto hupewa kwanza limit-at yake (kasi aliyohakikishiwa), ndipo kipaumbele kinapoamua nani achukue kinachobaki hadi max-limit. Jumla ya limit-at za watoto isizidi max-limit ya mzazi. Mzazi asiye na max-limit hajui kwamba kuna upungufu, kwa hiyo hagawi.

Kama unatumia RouterOS toleo la 7, kuna njia nyepesi zaidi: fq_codel au CAKE kama aina ya foleni. FQ-CoDel ilielezwa rasmi kwenye RFC 8290 mwaka 2018. Inatenganisha mitiririko, inapitisha mapema ile myembamba kama sauti, na inaanza kuangusha paketi pale tu zinaposubiri mno. Kwa chumba cha intaneti cha watu 20, mimi siku hizi naanza na hiyo pamoja na kikomo cha jumla, na mara nyingi sihitaji kanuni hata moja ya mangle. Bado kikomo cha jumla ni lazima. Fq_codel haiwezi kusimamia bafa ya antena ya mtu mwingine.

Bukavu inaongeza ugumu wake. Mji umekaa juu ya vilima, na laini nyingi ninazozihudumia zinaruka kwa antena, kutoka Bagira kuelekea Ibanda, au kupita juu ya mabonde ya Kadutu. Antena ya redio haina kasi moja. Kwenye 5 GHz jirani akiwasha antena yake kwenye chaneli yako, kasi ya antena inashuka. Kwenye 60 GHz mvua kubwa peke yake inatosha. Uliweka 18M asubuhi anga likiwa safi, saa moja jioni antena inapitisha 11M, na msongamano umekuhama tena. Ndiyo maana napima kwa siku tatu au nne, saa za jioni, na kuweka kikomo kulingana na namba ya chini inayojirudia. Namba ya asubuhi inapendeza kwenye picha, lakini watu hawapigi simu asubuhi.

Upande wa kupakua una mpaka wake. Ruta inatawala inachokituma. Kinachoingia kutoka nje kimeshapita kwenye laini nyembamba kabla hakijafika kwako. Unapokiwekea kikomo kwenye poti ya ndani, TCP inaona paketi zikipotea na mtumaji anapunguza mwendo. QUIC hufanya vivyo hivyo. Mtiririko wa UDP usiojali upotevu hautapunguza chochote, na hapo msaada uko kwa mtoa huduma.

Kasi inakwama chini ya kikomo

Umempa mtu 10M, anapata 6M, na laini haijajaa. Kama kikomo ni cha police, kile kinachoangusha paketi badala ya kuziweka foleni, tazama burst, kiasi kinachoruhusiwa kupita kwa mpigo. Burst ndogo inaangusha paketi kila TCP inapojaribu kupanda, na TCP inajikunyata. Kanuni ya zamani ya Cisco ni kasi kwa biti, gawa kwa 8, zidisha kwa 1.5: kwa 10M inakuja baiti 1,875,000. Pakiwezekana, upande wa kutoka tumia shape.

Kwenye PCQ, foleni inayogawa kasi sawa kwa kila mtu, angalia pcq-total-limit. Kwa chaguo-msingi kila mtiririko mdogo una 50 KiB na jumla ni 2000 KiB, yaani inatosha watu 40. Shule yenye simu 120 inaanza kupoteza paketi kiholela na hakuna kosa linaloandikwa popote. Pandisha jumla hiyo, na hakikisha pcq-classifier ni dst-address kwa kupakua na src-address kwa kupakia. Zikigeuzwa, mgawanyo unafuata seva za nje badala ya watu wako.

Prosesa nayo: endesha `/tool profile` laini ikiwa imejaa. Ikigonga asilimia 100, hakuna namba ya foleni itakayokuokoa. Punguza kanuni, ondoa layer7, au nunua ruta kubwa zaidi.

Ilifanya kazi jana, leo haifanyi

Hapa Bukavu uliza kwanza kama umeme ulikatika usiku. Kwenye Cisco mabadiliko ambayo hayakuhifadhiwa kwa `copy running-config startup-config` yamekwenda na umeme. MikroTik inahifadhi yenyewe, lakini ruta zake nyingi hazina betri ya saa. Ikiwaka upya, saa inaweza kuwa imerudi nyuma, na foleni zote zenye `time=` zinafuata saa hiyo ya uongo. Kikomo cha mchana kinaamka usiku wa manane, na cha usiku hakiamki.

Washa NTP client, inayochukua saa sahihi mtandaoni, kisha angalia eneo la saa. Kongo ina saa mbili tofauti: Kinshasa iko UTC+1, sisi wa mashariki tuko UTC+2 pamoja na Lubumbashi. Mtu aliyechagua Africa/Kinshasa kwa kuwa ndilo jina la Kongo analolijua ameuchelewesha mji mzima kwa saa moja, na kikomo kilichopangwa kulegea saa mbili usiku kinalegea saa tatu.

```
/system clock set time-zone-name=Africa/Lubumbashi
/system clock print
```

Linganisha na saa ya simu yako, kisha kaa hapohapo hadi saa mbili ya usiku ifike na uone kwa macho yako foleni ya usiku ikitoka kwenye kijani.